Karanga kwa Mtu Asiye na Meno

Vijiko vilianza kupotea kimoja kimoja, na Pasi hakuwa na nguvu ya kuvitafuta. Alirudi kutoka kazini jioni, akabandika chai, akafungua droo, akakuta uma na visu tu. Akakoroga sukari kwa mpini wa kisu. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Mtu akichoka kupita kiasi haulizi tena maswali, anakunywa chai yake na kushukuru kwamba kikombe bado kipo.

Jina hilo la Pasi alibandikwa na wenzake kwenye kiwanda cha kufua nguo, kilichopokea mashuka ya hoteli, sare za wauguzi na mashati ya watu wasiotaka kujipigia pasi wenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile tangu usichana wake, akikandamiza kola, akikandamiza pindo, akikandamiza mifuko. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenenepa kuliko wa kushoto. Msimamizi wao alikuwa na neno moja tu, na alilitoa tangu asubuhi mpaka jioni bila kulionea huruma: "Kandamiza!" Basi Pasi alikandamiza. Maadui zake duniani walikuwa wawili, mkunjo na doa la mafuta. Mkunjo aliulaza kwa uzito wake wote, na doa la mafuta alilifukuza kwa kitambaa kabla halijajua limeanguka wapi.

Nyumbani alikuwa na baba yake, seremala aliyestaafu lakini penseli bado anaichomeka sikioni. Fizi zilikuwa zimemharibikia, na daktari wa meno alikuwa amemng'oa meno yote yaliyosalia, akasema fizi zikipona atapimiwa ya bandia. Fizi hazikuwa na haraka yoyote. Mzee alikaa na mashavu yaliyobonyea, hataki kutoka nje, hataki wageni, na akizungumza anafunika mdomo kwa kiganja. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka wapita njia wanachungulia dirishani, sasa alikuwa anacheka kwa mabega tu, tena siku za bahati.

Kutokuwa na meno peke yake kungevumilika. Shida ilikuwa mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, mkono ule ule ulioshika randa miaka nenda miaka rudi, na kila chakula laini kilimwagika njiani kabla ya kufika. Mkate uliochovywa kwenye chai ulimwangukia kifuani. Ndizi iliyopondwa ilimponyoka vidoleni. Uji wa kikombe alikunywa mafunda mawili matatu, kisha akaweka kikombe chini na kusema kwamba hayo ni maji yaliyopewa jina. Kulishwa kwa kijiko alikataa katakata. Akiona kijiko kinamjia, alifunga mdomo kama mlango wa duka siku ya vurugu, na hapo hata ubembeleze hadi jua lizame, humpati.

Kliniki, nesi alimpandisha kwenye mizani, akaitazama mizani, akamtazama mzee, kisha akamwambia Pasi mbele yake, bila kupunguza sauti, "Uji peke yake hautoshi. Huyu anakwisha. Mkija mara nyingine akiwa amepungua tena tutamlaza, tumpitishie mpira puani. Hatuna njia nyingine."

Mzee akavaa koti lake. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele ya binti yake, haraka kupita nguvu zake, na koti limemning'inia mabegani kama la mtu mwingine. Pasi alijua kwa nini. Mama yake alilazwa katika hospitali ile ile, akapitishiwa mpira huo huo, na nyumbani walirudi na kanga zake tu ndani ya mfuko.

*

Aliyempa Pasi habari ya vipande vya karanga ni Bi Shuka. Yeye kazi yake ilikuwa kukunja mashuka, na kwa kuwa mikono ilijua njia yenyewe, mdomo ulikuwa na nafasi ya kutosha. Siku hiyo, wakati wa mapumziko, walikaa juu ya vikapu vya nguo chafu, na Pasi akawa ameshika chakula chake bila kukila.

"Mwenzangu, utaanguka humu ndani, sisi tukukunje na mashuka," Bi Shuka alisema. "Una nini?"

Pasi akamweleza. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, maana kulia kunataka nguvu na nguvu hana.

Bi Shuka akafikiri huku akitafuna. "Mtafutie kitu cha kushika, kisichomwagika. Wajukuu zangu nawatengenezea vipande vya karanga. Unachukua oti, zile nafaka bapa za uji, unazisaga kidogo. Siagi ya karanga na asali unapasha moto mdogo, usiache zichemke, zikichemka zinageuka gundi. Chumvi kidogo, maziwa kidogo. Unachanganya, unamwaga kwenye trei, unashindilia, unaacha ipoe, unakata. Mtoto anashika mkononi anakwenda zake."

"Na mtu asiye na meno?"

"Wajukuu wenyewe hawana meno, shoga. Vinalainika mdomoni. Ila ushindilie vizuri visije vikamomonyoka."

Ushindilie vizuri. Laiti Bi Shuka angejua anamwambia nani maneno hayo.

Jioni ile Pasi alipitia dukani, akarudi na kopo la siagi ya karanga, asali na mfuko wa oti, akaingia jikoni bila kuvua viatu. Alisaga oti kwa chupa juu ya meza. Alipasha karanga na asali mpaka zikalegea na harufu ikajaa nyumba nzima, harufu ya kumfufua mtu, na akakoroga kwa mwiko. Mwiko ulikuwa haujapotea. Huyo mwizi wa vijiko, kama alikuwepo, mwiko alikuwa ameusamehe.

Kisha akamwaga mchanganyiko kwenye trei, akautandaza, akakunja ngumi na kuegemea. Alikandamiza kona ya kwanza, akakandamiza ya pili, akapita katikati kwa kiganja na uzito wa bega zima, kama mtu anayelaza koti la sufu. Mafuta yakachuruzika pembeni mwa trei. Pasi alipoyaona, mwili wake haukusubiri ruhusa. Alichukua kitambaa, akayafuta yote mpaka trei ikang'aa, akakandamiza tena, akafuta tena. Alipomaliza alijisikia vizuri kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Ilikuwa kazi safi.

Asubuhi kisu kilikataa kuingia. Alikiegemea, kikaingia kwa mlio. Alimpelekea baba yake kipande kimoja kwenye kisahani.

Mzee alikipokea kwa mkono wake mwenyewe, na hilo tu lilimpa Pasi matumaini. Akakinusa. Akakiweka mdomoni, akajaribu upande huu, akajaribu upande ule, macho yakamtoka. Akakitoa kikiwa kizima vile vile, akakigonga na kucha, akakisikiliza.

"Mninga," alisema, kiganja mdomoni.

"Baba!"

"Mbao nzuri, mama. Haitaliwa na mchwa."

Alimwita mama, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Pasi alitaka kucheka akashindwa. Aliporudi jioni alikuta meza yao ya jikoni, iliyoyumba tangu enzi za marehemu, imetulia tuli. Chini ya mguu mmoja palikuwa na kipande cha karanga na oti, kimechongwa vizuri kwa patasi.

*

Alijaribu tena. Aliongeza asali, akakandamiza zaidi ili ile asali ishike. Aliongeza maziwa, yakatoka pembeni pamoja na mafuta, akayafuta. Alisaga oti mpaka zikawa unga, akapata kigae. Kila jioni alisimama pale jikoni baada ya kusimama kutwa nzima mbele ya meza ya pasi, nyonga zinamuuma, nyayo zinawaka, na kila asubuhi kisu kilitoa mlio ule ule. Mzee kila mara alijaribu, maana hakuwa mtu wa kudharau kazi ya mtu. Safari moja kipande kilimchana ufizi, damu ikaonekana kwenye kona ya mdomo, akaifuta haraka kwa mkono wa shati akidhani binti hajaiona.

Pasi aliiona. Siku ile kiwandani aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halijawahi kumtokea, na msimamizi akamwita mbele ya wenzake. Hata maneno ya msimamizi hayakumwingia. Alikuwa anamfikiria mzee amelala kitandani kauelekea ukuta, na mpira wa hospitali.

Kaka yake alipiga simu. Kaka mkubwa, aliyeishi mbali, na kadiri mtu anavyoishi mbali na mgonjwa ndivyo anavyojua zaidi namna ya kumuuguza.

"Wewe unamdekeza," kaka alisema. "Mshike kichwa, umpe kijiko. Ni mtu mzima anajitia utoto."

"Njoo umshike wewe."

"Unajua kazi zangu."

"Najua," Pasi alisema. Akakata simu, akakaa kitako sakafuni, mgongo kwenye mlango wa jiko. Alikaa hapo muda mrefu kwa sababu moja tu, kwamba kuinuka ni kazi na yeye kazi zilikuwa zimemfika shingoni.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja chumbani kwa baba yake. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la vyombo, lile alilokuwa analibeba begani kwenda kwenye majengo ya watu. Pasi alilivuta, akalifungua. Randa, patasi, msasa, jiriwa ya kubania mbao, na chini kabisa, vimefungwa ndani ya kitambaa kama vyombo vya fedha, vijiko vyote vya nyumba.

Mzee aliketi kitandani akamtazama.

"Nakoroga chai kwa kisu, baba!" Sauti ilimtoka Pasi juu kuliko alivyokusudia. "Nasimama kutwa, narudi, nasimama tena. Nakupikia usiku na mchana, wewe unaficha vijiko! Unataka wakupeleke kule? Unataka nirudi tena na nguo kwenye mfuko? Mimi nimechoka. Nimechoka, baba, unanisikia?"

Hajawahi kumpandishia baba yake sauti. Maneno yalipokwisha kutoka alitamani kuyarudisha, lakini hayo si mashati, huwezi kuyapiga pasi upya.

Mzee aliinua kiganja kufunika mdomo, kama desturi yake. Kisha akaondoa kiganja mdomoni, akamwachia binti aone mdomo wake ulivyo.

"Mama yako nilimlisha mimi," alisema. "Wewe ulikuwa kazini, hukuona. Siku ya kwanza alicheka, akasema namfanya mtoto. Nami nikacheka. Baadaye hakucheka. Mwisho akawa anafungua mdomo bila kunitazama, namtia kijiko na yeye yuko mbali. Kijiko kikishaanza, mama, mtu ndiyo anaondoka hivyo, kidogo kidogo. Nimekiona kwa macho yangu. Nikilishwa mimi, nimekwisha."

Pasi alisimama na kile kifurushi cha vijiko mkononi. Akakirudisha ndani ya sanduku taratibu, akalisukuma chini ya kitanda pale lilipokuwa, akatoka. Alilia jikoni, kilio kidogo cha mtu mwenye ratiba, kisha akanawa uso.

*

Jumapili ilikuwa siku yake ya kupumzika, na kliniki ilikuwa mwisho wa wiki inayoingia. Aliamka amechoka. Alifua, akadeki, akamwosha mzee kichwa, akamnyoa ndevu, akaona mifupa ya taya ilivyotokeza, na baada ya adhuhuri akaingia jikoni kutengeneza trei nyingine, ya mwisho. Hakuwa na imani nayo. Alitengeneza kwa sababu kopo lilikuwa na karanga bado, na kwa sababu kukaa bure kulimtisha kuliko kushindwa.

Akasaga, akapasha, akachanganya, akamwaga kwenye trei. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kumpiga shingoni. Akaweka ngumi zake mbili juu ya mchanganyiko uliokuwa bado na joto, akaegemea kidogo, na macho yakafumba yenyewe. Alilala akiwa amesimama, hivyo hivyo, ngumi kwenye trei, kichwa kimeinama.

Mzee alimkuta katika hali hiyo. Alikuja akiburuza ndara, amevaa shati lake safi, na mikononi ameshika kile kitambaa chenye vijiko. Alisimama mlangoni. Hapo ndipo alipomwona binti yake vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu ang'olewe meno, maana mtu akiwa na aibu ya mdomo wake hatazami nyuso za watu. Aliona mabega yaliyoshuka. Aliona sketi imefungwa kiunoni kwa pini. Aliona shingo ambayo haikuwa shingo ya mwanawe.

Akaweka kitambaa mezani, vijiko vikalia.

Pasi akashtuka. "Nakandamiza," alisema kabla hajafumbua macho.

"Sikuja kwa hilo," baba yake alisema. Alivuta kiti, akaketi, akaweka mikono magotini kama mtu aliyefika kwa kinyozi. "Nimekuja unilishe, mama. Chukua kijiko, unilishe uji au chochote ulicho nacho. Sitafunga mdomo. Umechoka sana."

Hilo lilimwuma Pasi kuliko zile siku zote za kukataa. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa huu, mzee wake kwenye kiti, macho chini, amekubali kuondoka kidogo kidogo ili binti apate kulala. Hakuutaka. Alitikisa kichwa, na kwa kuwa hakujua la kufanya akafanya linalojulikana, akageukia trei na kuegemea kona moja kwa nguvu zake zote. Mafuta yakatoka pembeni. Akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Unafanya nini?" mzee aliuliza.

"Nashindilia."

"Hapana. Hapo pembeni. Unafuta nini?"

"Mafuta, baba. Yanachafua."

Mzee aliinuka. Alisogea mpaka kwenye trei, akainama, akachovya kidole kwenye yale mafuta yaliyochuruzika, akakionja. Akautazama ule mchanganyiko uliobanwa kwenye kona, mkavu, umekoza rangi. Akatazama pale katikati ambapo ngumi za binti aliyesinzia zilikuwa zimelala tu bila nguvu. Akabonyeza pale. Palibonyea, pakarudi.

"Siku zote unafanya hivi? Unabana hadi yanatoka, halafu unayafuta?"

"Bi Shuka alisema nishindilie."

"Bi Shuka hajui mkono wako ulivyo." Mzee alisahau kufunika mdomo. "Sikiliza. Ukitaka mbao mbili zishikane unapaka gundi, unabana kwa jiriwa. Mwanafunzi anakaza, anakaza, gundi yote inatoka pembeni, yeye anafurahi, anaifuta, anasema fundi nimemaliza, angalia palivyo safi. Kiungo kimebaki na njaa ndani! Kesho mtu anakalia kiti, yuko chini. Unabana mpaka gundi inachungulia tu, basi, unaacha. Wewe mafuta ya hizi karanga ndiyo ulaini wenyewe, na wewe umeyapeleka yote kwenye kitambaa."

Pasi aliangalia kitambaa chake. Akaangalia mikono yake. Jioni zote zile alikuwa anaukamua ulaini na kuufuta, kwa bidii, kwa usafi, kama alivyofundishwa kuishi. Kicheko kilimjia vibaya, kikapitia puani.

"Sogea," mzee alisema.

Aliurudisha mchanganyiko wote kwenye sufuria, akaomba asali kidogo, akaomba karanga zilizobaki kwenye kopo, akakoroga kwa mwiko juu ya moto mdogo. Mkono ulitetemeka, lakini kukoroga hakujali. Akamwaga tena kwenye trei. Kisha akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kusawazishia, kitu bapa, kisicho na pembe, na jicho likaangukia kitambaa cha vijiko.

Alisita. Pasi alimwona akisita, akageuza uso ili asimharakishe.

Mzee alichukua kijiko kimoja, kikubwa, akakigeuza mgongo. Akaanza kusawazisha. Mtetemeko wa mkono wake ulifanya kijiko kiguseguse tu, kikipapasa juu ya karanga na kuondoka, kikipapasa na kuondoka, na ule mchanganyiko ukalala wenyewe bila kubishana na mtu. Kwenye ukingo wa trei mafuta yakachungulia, mstari mwembamba. Mkono wa Pasi ukakifuata kitambaa. Baba yake akaupiga kofi jepesi.

"Acha yachungulie."

Walikaa kusubiri ipoe. Meza haikuyumba. Jua lilihama kutoka shingoni mwa Pasi hadi ukutani, naye alisinzia tena akiwa kwenye kiti, akaamka, akakuta mzee amechomoa penseli sikioni na anachora mistari ya kukatia juu ya karatasi, kwa mazoea tu, na mistari yenyewe imepinda.

Kisu kiliingia bila mlio. Kipande cha kwanza kiliinuka kikiwa kizima, kikabonyea kidogo vidoleni, hakikuvunjika. Mzee alikipokea. Mkono ulitetemeka njia nzima mpaka mdomoni, lakini safari hii hapakuwa na cha kumwagika. Akafunga mdomo. Mashavu yakaingia na kutoka. Pasi alijikuta anatafuna naye, mdomo mtupu, roho juu.

Mzee akameza. Akasubiri kidogo, kama anayesikiliza. Akanyoosha mkono kuchukua kingine.

"Vipi?" Pasi aliuliza.

"Usinisemeshe, nakula."

Alikula kipande cha pili, akala cha tatu. Alikula kwa mkono wake, kiwiko mezani, makombo kwenye kidevu alichonyolewa asubuhi, na hakufunika mdomo hata mara moja. "Trei hii ni ya nani?" aliuliza mwishowe.

"Ni yako yote. Nyingine nitatengeneza kesho."

"Tutatengeneza. Wewe na mkono wako mzito, nani akuamini?" Akafikiri. "Siku ya kliniki kimoja nitakitia mfukoni, nikakile mbele ya yule nesi. Ule mpira wake autafutie mtu mwingine."

Pasi alicheka, na kicheko kilimchosha, akaegemeza kichwa kwenye kiganja. Sasa hofu ilipoondoka alibaki bila kitu cha kumshikilia wima. Alihisi mwili wake wote kwa mara moja, kila saa ya kusimama.

Baba yake alikuwa anamtazama.

"Umekula leo?"

Alitaka kusema ndiyo. Akajaribu kukumbuka amekula nini, akaona hakuna, na jana pia hakula cha maana. Akatikisa kichwa.

Mzee aliinuka. Alichukua sufuria, ambamo karanga na asali zilikuwa zimebaki ukingoni, bado za vuguvugu. Akachukua kile kijiko kikubwa, akakwangua chini, akakwangua pembeni, akapata kijiko kimejaa. Akaja nacho akizunguka meza. Kilitetemeka njia nzima, na yeye akakisindikiza kwa mkono wa pili chini yake, kama vile alivyozoea wakati ule binti akiwa kazini na yeye yuko peke yake na mkewe.

"Fungua mdomo," alisema.

Pasi alimtazama. Mwanamke mzima, mvi ziko kichwani, na mbele yake mzee asiye na jino ameshika kijiko. Kilimpaka shavuni kabla ya kufika. Akafungua mdomo.

Ilikuwa tamu, nzito, ikamshika ulimi na kaakaa, na machozi yalipokuja hakuweza kusema kitu wala kuyafuta, akabaki anameza na kulia pamoja. Mzee alisubiri. Hakuondoa macho yake usoni mwake hata kidogo.

"Unaniona?" aliuliza.

Pasi akaitikia kwa kichwa. Anamwona.

"Basi vizuri," baba yake alisema, akarudi kukwangua sufuria. "Endelea kuniangalia. Kuna kijiko kingine."